Barua ya Shukrani

Jumatatu, 3 Juni

Basi. Usimamizi wa zamu kapewa Mpole. Mpole! Kijana niliyemfundisha mimi kuosha mitungi ya wino, siku ya kwanza alipokuja kazini na shati jeupe.

Meneja aliniita ofisini, kwa heshima zote. Kumbe nimekosa sifa moja tu: msimamizi lazima awe amefanya zamu ya usiku miaka miwili. Miaka kumi na moja nimesimama kwenye ule mtambo wa kuchapa, usiku sijagusa hata siku moja. Wanawake hatupangwi usiku! Nikamwambia hivyo. Akasema sharti ni moja kwa wote, hakuna mwanamume wala mwanamke. Nikajibu: sawa, bosi. Sawa! Mdomo huu nao.

Mpole alinifuata getini. Kwamba mwalimu, bila wewe nisingefika. Hana kosa, maskini. Nilimpa mkono, nikaja nyumbani, nikalia nikiwa bado nimevaa viatu.

Alhamisi, 6 Juni

Sisi wachapaji hatusomi tunachochapa. Unatazama rangi, kingo, madoa, basi. Ukianza kusoma, macho yanafuata maneno na madoa yanakupita. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyomfundisha Mpole.

Leo nimesoma.

Kazi ya wizara — kijitabu cha sheria mpya ya ajira. Ukurasa wa kumi na saba. Sharti likionekana sawa kwa wote, lakini kwa mazoea ya kazini likawafungia wanawake mlango, huo ni ubaguzi. Mwajiri ndiye wa kujieleza, si mimi. Nikimuuliza kwa barua, ajibu kwa barua. Na malalamiko yafike kwa afisa kazi ndani ya siku ishirini na moja tangu kunyimwa.

Nikasimamisha mtambo. Mpole akaja mbio, kuna nini? Nikamwambia doa.

Nimekuja na karatasi moja iliyochapwa kombo. Nimeisoma kwa sauti, redio nimeizima. Nilitamani kuwe na mtu wa kusema eti nini, hebu rudia.

Jumanne, 11 Juni

Barua ya kumuuliza imeshakwenda kwa Meneja. Mama Gundi kaipitia kwanza — yeye ni mkubwa wa meza ya kujalidi vitabu, na ndiye shoga yangu pekee pale kiwandani. Kacheka mpaka kashika meza. Wape vidonge vyao, mwanangu! Ushahidi atatoa, hata mbele ya nani.

Leo chakula kimepita kooni.

Jumatatu, 17 Juni

Jibu limekuja. Mistari mitatu, na nakala ya barua nyingine nyuma yake.

Ya miaka minane iliyopita. Sisi wafanyakazi wanawake kumi na wawili tunamshukuru Meneja kwa moyo wake wa kibaba, kutotupanga kwenye zamu mpya ya usiku. Sahihi ya kwanza yangu. Mwandiko wangu! Hata hilo neno "kibaba" ni langu, nakumbuka nililitafuta.

Mama alikuwa mgonjwa hapa ndani wakati ule, sikuwa na wa kumwachia. Nilishukuru kweli, si kwa unafiki. Sasa mama hayupo, barua ipo.

Nimempigia afisa kazi. Sauti ya mwanamke aliyechoka. Kasema shukrani hazihalalishi ubaguzi, nisitishike, nilete fomu na mashahidi wawili. Nilitaka aendelee kuongea. Simu ikakatika.

Jumatano, 19 Juni

Ratiba mpya ubaoni. Kuanzia tarehe mosi wanawake wote wataingia zamu ya usiku, "katika kutekeleza usawa". Jina la kwanza: Mama Gundi. Ana watoto watatu, na mumewe yuko safarini mwezi mzima.

Mchana nilikaa mezani kwetu. Wenzangu wakabeba vyombo vyao, wakahamia dirishani. Mama Gundi alichelewa kidogo kunyanyuka. Nikajua atasema kitu. Akasema: wewe ulitaka cheo, sisi umetuletea usiku.

Mdogo wangu kwenye simu: dada, si ukubali tu yaishe? Huna mume, huna mtoto, cheo cha nini? Nikasema chakula kinaungua. Sikuwa nimepika.

Jumapili, 23 Juni

Wamekuja. Saa kumi jioni, wanawake watano wa kiwandani, hodi hodi mlangoni! Tangu matanga ya mama hajaingia mgeni humu. Nilifurahi, Mungu anisamehe — nilifurahi kabla sijawatazama nyuso. Viti viwili tu, wengine wamekaa kitandani kwa mama, hapo sebuleni. Nikaanza kuhangaika na chai.

Mama Gundi akasema tuache chai. Akatoa karatasi, imepigwa chapa vizuri. Kwamba nimeondoa madai yangu kwa hiari. Meneja kawaahidi, nikitia sahihi ratiba inashuka kesho asubuhi. Kesho hiyohiyo ndiyo siku yangu ya ishirini na moja.

Nikawaeleza. Ukurasa wa kumi na tisa: kuwaadhibu wenzake yule aliyelalamika ni kosa, tukienda pamoja hiyo ratiba haisimami wiki. Nilieleza vizuri, nadhani. Mama Gundi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kabisa: hiyo sheria itakuja kulala na wanangu?

 Aliye mdogo kuliko wote akaanza kulia. Mwingine akanishika goti, akaniita dada. Wewe ni mwenzetu, alisema, sisi hatuna ugomvi na wewe. Lile goti bado lina joto.

Nikasema nakuja, nachukua kalamu.

Niko chumbani. Fomu ya afisa kazi iko hapa chini ya daftari, imejazwa yote isipokuwa mistari miwili ya mashahidi. Nawasikia wanaongea polepole, mmoja kasifu pazia langu. Nyumba imejaa watu.

Mama Gundi ameita: umeipata?

Ninayo mkononi, ndiyo hii naandikia. Nimemjibu bado naitafuta.