Jiwe la Kambove na Mkono Wangu

Mwalimu,

Nimekasirika, na wewe pia umo. Ungeweza kungoja mwaka wa shule uishe. Umeniachia darasa la sita, umeniachia na wazazi wote wa mtaa huu wa Kenya, nami ni mwanafunzi wako tu aliyepewa chaki.

Nianze na mazishi. Mchungaji alisimama mbele ya jeneza lako akatangaza kwamba hospitalini ulitubu, ukayakana yale mambo ya nyani, ukampokea Yesu. Watu wakapiga makofi. Makofi, Mwalimu, kwenye mazishi yako. Mimi ndiye niliyekaa kando ya kitanda siku zile za mwisho. Uliniuliza kama nimesahihisha karatasi za mtihani, ukalalamika kwamba uji hauna sukari, ukaimba wimbo wa kwaya kwa ile besi yako iliyobaki nusu. Yesu ulimpokea kabla huyo mchungaji hajaota ndevu. Jumapili uliimba, Jumatatu ulifundisha mageuzi ya viumbe, na sikuwahi kukuona ukihangaika kati ya hayo mawili. Wanaohangaika ni wao.

Wiki iliyopita prefe, mkuu wetu wa shule, aliita kikao cha wazazi. Akauliza nani anataka somo lile liondolewe, watoto wafundishwe uumbaji peke yake. Fundi mmoja wa kuchomea vyuma akasema, "Miye sikutokaka ku makako," na ukumbi mzima ukacheka. Kana kwamba wewe ulimwambia ametoka kwa nyani. Hata siku moja hakuja kukusikiliza. Mikono ikapanda, safu kwa safu.

Kisha prefe akanitazama mimi. Mkono wangu ulipanda. Uliishia usawa wa sikio, lakini ulipanda, na alinihesabu. Usinitazame hivyo.

Mama Agnès, mjane wako, alikuwa ameketi nyuma kwa ajili ya mjukuu wenu. Mkono wake ulibaki mapajani. Alisimama na nguo zake nyeusi akasema, "Juu ya nini hamukumuuliza yeye mwenyewe wakati alikuwa muzima? Mulango yetu ilikuwa wazi." Akaketi. Prefe akafunga kikao.

Mama Agnès alinipeleka nyumbani kwenu. Baada ya matanga ndugu zako walibeba viti, redio, hata feni. Jiwe lako la Kambove, lile la kufundishia, hawakulitaka. Nililikuta jikoni limekandamiza kifuniko cha sufuria ya maharage. Alilisuuza, akanipa. "Kamata. Iko ya masomo, haiko ya jikoni."

Sikujua niangalie wapi. Alikuwa ameuona mkono wangu.

Unakumbuka nilivyokuja darasani kwako? Mama yangu alikuwa amenifungisha siku tatu za maombi ili somo lako lisinipate. Hukubishana nami. Ulichukua jiwe hilo, ambalo mchimbaji mmoja wa machimbo ya Kambove alilitupa kwa kuwa halikuwa na shaba. Likiwa kavu ni jiwe la kijivu tu. Ukalimwagia kikombe cha maji na mistari ikatokea, myembamba, tabaka juu ya tabaka, kazi ya vijidudu vilivyoishi majini hapa kwetu kabla ya samaki, kabla ya mtu yeyote. "Angalia kwanza," ulisema, "kiisha ubishane na miye." Niliangalia mpaka kengele ikalia. Nikarudi nyumbani nikasali kama kawaida, na Mungu alikuwa palepale.

Sasa prefe amesema atakayefundisha sura ya mageuzi atafute shule nyingine. Naogopa, Mwalimu. Nina watoto wawili, na shule hazinigombanii. Lakini naogopa zaidi kuwa mtu wa kunyoosha mkono hadi sikioni maisha yangu yote.

Kwa hiyo Jumatatu, saa ya kwanza, jiwe litakuwa mezani. Maji nitachota mwenyewe. Nitawaacha watoto waangalie, wabishane nami wapendavyo. Ila kabla sijamwaga hata tone, nitawaambia kwamba siku ya kikao mkono wangu ulikuwa juu pamoja na mikono ya wazazi wao. Hilo nalo waliangalie.

Lala, Mwalimu. Hasira yangu kwako imekwisha nikiandika. Ile ninayojikasirikia mwenyewe nitakwenda nayo darasani.

Mwanafunzi wako,
Mwansa