Mikanda ya Mapajani

Yaya Ilunga,

Usishangae nikikuandikia kwa hasira. Wewe kaka yangu mkubwa, kine, tabibu wa viungo aliyenyoosha miguu ya Kolwezi nzima, ulishikwa na homa ukasema, "Itapita." Nilikusihi twende hospitali, ukanigeuzia mgongo. Siku tatu tu, Yaya! Imepita na wewe.

Tangu uende, mtaa wetu wa Kasulo umevunjwa. Watu wa mgodi walipiga alama kwenye kuta, wakatuambia tutoke, kobalti iko chini ya nyumba. Parsele ya baba, kiwanja alichotuachia, sasa ni shimo lenye uzio. Siku ya kuhama lori halikuja. Nikabeba godoro la mama kichwani hadi mtaa mpya, nikarudi kuchukua masufuria, nikarudi tena. Kwa goti hili hili! Na wewe hupo nikuambie kwamba ulikuwa sahihi, goti limepona. Hilo linaniudhi kuliko yote.

Unakumbuka nilivyotolewa plasta, baada ya udongo wa shimo la jirani kuniangukia? Paja lilikuwa limekonda kama mkono, goti halitaki uzito wowote. Ukanifunga mapajani ile mikanda yako mipana ya kujazwa upepo, ukanitembeza uani. Dakika tano, kupumzika, dakika tano. Kutembea tu, lakini mapaja yaliwaka kama nimebeba magunia. Nilikutukana, ukacheka. "Damu inaingia muzuri, kutoka ndiyo inachelewa. Musuli inazani iko na kazi kubwa." Kisha unanishika vidole vya miguu: "Bikikuwa baridi ao bikikufa ganzi, tunafungua." Baada ya wiki sita suruali ilinibana pajani, na njia ya Musonoi niliimaliza bila kuhema.

Lakini hukuandika chochote! Kukaza kiasi gani, nani asifungwe kabisa, yote ulienda nayo.

Wiki iliyopita Mama Beya, yule jirani aliyekuwa akituchungulia uani, naye kahamia huku, alijifunga mpira wa tairi la pikipiki pajani, akatembea hadi Musonoi. Taksi-moto, pikipiki ya abiria, ilimrudisha mguu umevimba, umegeuka rangi, fundo limezama kwenye nyama. "Si ni vile yaya yako alikuwa anafanya?" akaniuliza. Vile! Niliukata ule mpira kwa kisu cha mboga, machozi yananitoka, sijui namlilia yeye au wewe. Hospitali wameuokoa mguu. Vidole viwili bado havisikii kitu.

Basi nimeamua. Jumatatu naenda kwa mwenzako wa kliniki, anifundishe mwanzo hadi mwisho, na nitaandika kila neno, kwa Kiswahili, mama yeyote asome. Nitalisoma kanisani ikibidi. Hakuna mtu atakayejifunga mpira tena kwa jina lako, nakuahidi.

Lala sasa, Yaya. Nimechoka kukukasirikia, lakini kuacha bado siwezi.

Mdogo wako,
Odette