Bitana ya Koti la Babu

Jumatatu, 3 Machi

Mjomba kaitisha kikao cha familia. Watu watatu tu — yeye, Mama Mkubwa na mimi — na bado kajiteua mwenyekiti. Anataka duka letu la ushonaji lipate kibao kipya: picha ya Babu, na chini yake "Mwanzilishi". Babu! Kifungo chake kiking'oka alimwita Bibi. Nikasema duka alilianzisha Bibi, kwa cherehani ya kuazima, Babu akiwa mji mwingine kwa mwanamke mwingine. Mjomba akanijibu mambo ya wakubwa niwaachie wakubwa. Nina miaka arobaini na moja. Mama Mkubwa alikuwa anatazama kucha zake.

Jumatano, 5 Machi

Mjomba kaandika historia ya familia, kurasa mbili. Bibi yumo mara moja: "akimsaidia mumewe". Akimsaidia! Miaka kumi na moja Babu hakuonekana. Bibi alikata, akashona, akalea, na huyu Mjomba anayevimba leo alivalishwa kwa sindano hiyo hiyo. Babu akarudi anakohoa. Bibi hakumfukuza, wala hakumpigia vigelegele. Alimwekea kiti mlangoni, akamvika futi kamba shingoni, akarudi kazini. Wateja wakaanza kumwamkia "Fundi". Akaitikia, hana hata haya.

Niliwahi kumuuliza Bibi kwa nini anamwacha aitwe Fundi. Akasema, "Mwache akae. Watu wanamwamini fundi mwenye ndevu." Nikacheka. Leo sicheki. Bibi nawe! Mshono wangu ukienda kombo kidogo tu, neno lako lilikuwa moja — fumua — hata mteja awe amesimama anasubiri. Huu wako ukauacha. Nina hasira na wewe pia.

Alhamisi, 6 Machi

Mjomba kaleta koti jeusi la Babu. Litakaa dirishani: kazi ya kwanza ya mwanzilishi. Bitana, kile kitambaa cha ndani, imechakaa, niifumue nitie mpya, ya mashine, ing'ae. Jumamosi liwe tayari.

Nimeligeuza. Mishono yote ya mkono imelala kinyume. Bibi alishona kwa mkono wa kushoto, peke yake ukoo mzima. Mjomba hajawahi kutunga uzi, ataonea wapi? Kazi nyingine zote za Bibi ziliondoka na wateja. Nikiifumua hii, basi, hakuna tena. Nimeshika mkasi mara mbili, nikauweka.

Jumamosi, 8 Machi

Liko dirishani — nimeligeuza ndani nje. Bitana kuukuu inatazama barabara.

Naandika kwenye meza ya kukatia, nawaona wote. Mchora kibao yuko juu ya ngazi. Mjomba kakaa kwenye kiti cha Babu pale mlangoni, anajipepea kwa historia yake. Kaniita mtovu wa adabu mara tatu. Kasema hakuna anayesoma bitana.

Mama Mkubwa kafika. Kasimama nje, mbele ya kioo cha dirisha. Yeye hutumia mkono wa kulia, lakini kainua mkono wa kushoto, vidole vimebana sindano isiyokuwepo, anaifuata ile mishono hewani. Mmoja mmoja.

Mchora kibao kauliza: "Mwanzilishi" kashamaliza, picha bado; sasa jina aandike la nani? Mjomba kafungua kinywa. Mchora kasema anamuuliza mkubwa.

Mama Mkubwa kageuka. Kamtazama mdogo wake, kisha kile kiti.

"Wewe hebu inuka hapo kwanza."