Mtungi wa Barasa

Ndhiwa, Jumanne

Sikutaka kuufungua, lakini leo mchana Mama Atieno, mwenye shamba, amenikuta kwenye sukuma wiki zake.

"Mutua, mbolea yangu umeisahau? Mtungi umevimba kama tumbo la chura."

"Kuufungua ni kazi ya Barasa, mama."

"Barasa alishazikwa kwao. Ama unangoja arudi?"

Hakusema kwa ubaya. Mbolea hiyo tuliianza mimi na Barasa, vibarua wake wawili, kwenye mtungi wa plastiki: maganda ya matunda ya sokoni, maji na sukari guru. Kila jioni Barasa alilegeza kifuniko ili hewa itoke. Tangu afe sijaugusa.

Nilipoulegeza, ulitoa pumzi ndefu ya kukwaruza. Ndivyo alivyopumua asubuhi ile alipokataa kuamka. Nilimwambia anajisingizia ugonjwa ili nilime peke yangu, nikachukua jembe nikaenda. Niliporudi saa sita...

Nimeichuja mbolea kwa kitambaa. Maganda ya machungwa yametoka mazima, marefu kama kamba, kwa sababu Barasa alimenya chungwa lote bila kukata ganda. Mama alisema niyatupe. Nimeyafukia chini ya mpapai na kumwomba Barasa msamaha kwa Kikamba, lugha ambayo hakuijua. Kwa Kiswahili nilishindwa.

Mama amefurahia mbolea. Anataka kesho nianze mtungi mwingine.

Nimekubali. Huo nitaufungua mimi, kila jioni.