Nusu ya Kuni Zilizookolewa

Jumatatu, 4 Agosti 1975
Jiko la shule limekauka, halina ufa. Nimelipachika pete yangu ya udongo uliochomwa, ile inayobana moto chini ya sufuria. Bila pete moto unatokea pembeni, kuni zinateketea bure. Mpishi, Mama Hadija, hutumia mizigo minane kwa wiki. Tutaona.

Masharti yangu ni yaleyale kwa kila mtu hapa Kang'ata. Sichukui hata senti ya kujenga. Kuni zitakazookolewa tunagawana nusu kwa nusu mpaka mvua za vuli. Baada ya hapo jiko na pete ni vyako. Zisipookolewa, hasara ni yangu.

Jumatatu, 11 Agosti
Mizigo minne tu! Imebaki minne, miwili yangu. Mama Hadija haamini.
Tangu tuhamishiwe kijijini msitu uko mbali, na goti langu halifiki. Bila kuni sichomi vyungu. Bila vyungu nitakwenda kukaa kwa kaka yangu Mnyuzi, nile ugali na masimango. Sitaki.

Alhamisi, 14 Agosti
Mwenyekiti wa kijiji amenisema mkutanoni. Eti mnyonyaji. Eti nakaa kitako, wenzangu wanabeba kuni, mimi napokea. Kijana niliyemwona akitambaa! Nikasimama.

"Mwanangu, mnyonyaji anachukua kilicho chako. Mimi nachukua nusu ya ulichokuwa unakichoma bure."

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. Ameamuru usiletwe kwangu hata ukuni mmoja. Majiko yote sasa ni mali ya kijiji. Hata la nyumbani kwake, nililomjengea mkewe Asha. Udongo nimekanda mimi, mali ya kijiji. Loo!

Jumatatu, 18 Agosti
Hakuna kuni. Mama Hadija amepita njia ya nyuma nisimwone. Nimemwona. Namhurumia, na nimemkasirikia vilevile.

Jumanne, 19 Agosti
Nimezunguka na kikapu. Nyumba tano na shule. Kila jiko nimeng'oa pete yangu, nikaanzia kwa mwenyekiti. Asha kanishikia kikapu mwenyewe. Sikuiba. Vuli haijanyesha, pete ni zangu. Wakitaka wakanishtaki.

Jumamosi, 23 Agosti
Mwenyekiti kawaamuru wanaume watengeneze pete zao. Nimecheka mpaka goti likauma. Udongo wa vyungu uko shimoni kule mtoni, na ni mwiko mwanaume kusogea pale. Tumefundishwa na mama zetu, nao na mama zao. Yeye mwenyewe hathubutu. Wakachukua udongo wa matofali, wakafinyanga, wakaanika siku moja, wakatia motoni. Zote zimepasuka. Kipande kimoja kimerukia ndani ya sufuria ya uji.

Jumatano, 27 Agosti
Shuleni uji umeiva saa saba mchana. Wanawake wanapeleka mizigo ileile minne, hawaongezi. Asha amekuja kunisimulia. Mwenyekiti alipowafokea walimjibu: "Kama ni mali ya kijiji, kijiji kikachanje kuni."

Na nyumbani kwake? Bila pete kuni za safari moja hazitoshi wiki, na Asha amegoma kwenda msituni mara ya pili. Jana wamelalia mihogo mibichi.

Bado naogopa. Nina vyungu kumi na viwili vikavu ndani, na sina cha kuvichomea. Lakini siendi Mnyuzi.

Jumamosi, 30 Agosti
Asubuhi mwenyekiti amekuja. Amepita katikati ya kijiji, mbele ya duka, mzigo wa kuni kichwani, chini yake kata ya kanga ya mkewe. Sijapata kuona mwanaume akibeba kuni kichwani. Watu walitoka nje kutazama.

Ameutua mlangoni. Shikamoo, mama. Marahaba. Ya mkutano hakuyataja. Nikampa pete moja. Akauliza inapachikwaje, nikamwonyesha, akarudia mwenyewe mara mbili.

Kasema mzigo wa shule ataleta kesho, achukue na pete yake. Nimemwambia asichelewe, nachoma vyungu Jumatatu.