Kipindi cha Pili

Mwanza, 6 Julai 1994

Baba, shikamoo. Sisi wazima, mguu wako vipi? Unisamehe, Jumamosi nilifika Nansio nikaondoka bila kukusalimu, meli haimsubiri mtu. Nakutumia gazeti lenye jina langu. Mhariri amenipa mechi tatu za majaribio, hii ya pili. Miaka sita ya kumwandikia mheshimiwa mbunge hotuba na taarifa imenipa mkono mwepesi.
Mwanao, Luhende

Nansio, 13 Julai 1994

Mwanangu, marahaba. Mguu unauma, lakini ulinifikisha uwanjani. Umeandika tulifungwa na Kisesa mbili bila, na washabiki wakatawanyika kwa utulivu. Nilikuona ukikimbilia meli wakati wa mapumziko. Kipindi cha pili tulirudisha yote mawili, na Nkwabi fundi baiskeli akafunga la tatu kwa kichwa. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Mama yake ananiuliza tumekukosea nini.
Baba yako

Mwanza, 1 Agosti 1994

Baba, shikamoo. Natumaini mguu una nafuu. Nimechelewa kujibu kwa aibu. Kwa mheshimiwa tuliandika habari asubuhi, mkutano ukafanyika jioni, na hakuna aliyewahi kuuliza. Nikafanya hivyo hivyo kwenye mpira. Nimemweleza mhariri mwenyewe. Kaniagiza niandike masahihisho, na nimeyaandika kwa jina langu. Mechi ya tatu ni yenu na Usagara, hapo Nansio, tarehe ishirini. Sijui kama atanituma.
Mwanao, Luhende

Nansio, 10 Agosti 1994

Mwanangu, marahaba. Mguu sasa haujambo. Masahihisho tumeyaona, Nkwabi kayabandika mlangoni pa karakana yake. Sasa nikwambie jambo. Mheshimiwa alipokuja hapa uliandika umati wa maelfu. Nilikuwepo. Tulikuwa kama arobaini, na mvua ikatufukuza. Nilinyamaza kwa kuwa u mwanangu, ila tangu siku ile sikumaliza kusoma lolote uliloandika. Haya nimeyasoma mara mbili, na nimefurahi sana. Akutume asikutume, njoo. Kitanda chako kipo, na kesho yake kuna meli nyingine.
Baba yako

Simu ya maandishi, Mwanza, 18 Agosti 1994

SHIKAMOO BABA. MHARIRI KANITUMA. NITALALA HAPO. MWANAO.