Bundi wa Kitabu Changu

Likasi, Jumapili jioni

Na pasta amenirudia tena leo, akiniambia: "Papa, toa ule bundi, tia njiwa. Batoto bataogopa."

Kitabu changu cha michoro kinamhusu mtoto aliyefukuzwa kwao kwa kuitwa mchawi. Bundi peke yake ndiye anayempokea. Nimekataa. Njiwa hakosi marafiki. Lakini kanisa lisipokichapisha, kwa ugonjwa huu nitakufa sijakiona.

Halafu magharibi bundi wa kweli akatua juu ya bati la chumba changu. Binti yangu akatoka mbio na mawe mkononi.

"Toka, mulozi! Papa hafi leo!"

Naungama hapa, maana pasta hatasoma. Mimi, mtetezi wa bundi, nilijiburuta hadi dirishani nikamnong'oneza binti yangu: "Mama, tupa na ile jiwe ya mukubwa."